Ini Ni la Aliyeona

Tuanze na upumbavu wangu, tuumalize, asije mtu akasema nilimficha. Nilivaa pembe. Pembe za swala dume, zikiwa bado zimeshikamana na kipande cha fuvu, nilizozichukua juu ya bati la jirani yetu zilikokuwa zikikauka. Nikazifunga kichwani kwa tai ya shule, nikajitupia blanketi la kahawia la mama, nikapenya kwenye tundu la uzio wa hifadhi iliyo ng'ambo ya mtaa wetu wa Diepsloot, nikapiga magoti kwenye majani makavu yenye sakitu, ule umande ulioganda, nikangoja kuhesabiwa.

Ndiyo, kuhesabiwa. Nilidhani ni siku ya hesabu. Nilipoinua kichwa ili pembe zionekane vizuri, niliona mtutu wa bunduki umenielekea mimi, nyuma ya mtutu yule mzee, na kando ya mzee mama yangu mzazi ameshika darubini.

Niacheni hapo kwenye majani kwanza. Nitarudi. Ukitaka kujua kwa nini sikufa, na kwa nini mpaka leo kalamu ikilia "tik" darasani mimi huangalia nyuma, lazima kwanza umjue mzee huyo, Mlengaji.

Mtaa mzima ulimwita hivyo. Alizaliwa wapi na baba yake nani, muulizeni mwenyewe. Mimi aliniambia amezaliwa mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa Jumatatu, ndiyo maana hana bahati. Ninachojua ni kwamba zamani aliikimbia nchi hii, akaishi miaka mingi Morogoro, na alipoweza kurudi alirudi na mke Mtanzania, redio moja, na Kiswahili. Mke alifariki kabla sijamfahamu. Redio iliharibika. Kiswahili kilibaki, na alikilinda kama mtu anayelinda gari lisilo na bima.

Sisi watoto tuliozaliwa hapa tunasikia Kiswahili vizuri, ila mdomo unakimbilia Kiingereza au Kizulu. Kwake hukufika mbali. Ukichomeka neno la Kiingereza alikuangalia kana kwamba umemtemea mate kwenye chai.

"Rudia. Kwa lugha ya mama yako."

Lakini yeye akijikwaa anasema "Eish!" na akikubali jambo anasema "Sharp." Nikamvizia, nikamuuliza.

"Babu, na hayo je?"

"Hayo si Kiingereza," akasema. "Hayo ni maumivu na furaha. Hayana lugha."

Ndivyo alivyokuwa. Sheria alizitunga yeye, na mlango wa nyuma wa kila sheria alijiwekea yeye.

Sasa kazi yake. Swala wa hifadhi ile hawana simba, hawana chui, wana uzio tu. Wanazaana kiangazi chote kwa furaha, halafu baridi inawakuta wengi kuliko majani. Ikifika Agosti wanasimama kwenye vumbi mbavu nje, wanatafuna magome, na asubuhi unamkuta mmoja amelala chini na hatainuka. Kwa hiyo hifadhi na mitaa jirani walipatana. Kila majira ya baridi tunaingia kuwahesabu, tunajua ni wangapi wamezidi, kisha Mlengaji na timu yake wanawapunguza, na nyama inagawanywa mtaa kwa mtaa. Watu wa ofisini waliuita mpango huo "mavuno". Mlengaji alilichukia neno hilo. Siku moja alisimama kwenye mkutano, kofia mkononi, mbele ya wageni waliovaa viatu vizuri.

"Mahindi ndiyo huvunwa," alisema. "Hawa wana macho. Sisi tunawaua. Mwenye haya kulisema, asile."

Tukampigia makofi. Halafu nyama ilipogawiwa, yeye akaenda zake nyumbani kula ugali na dagaa. Hakuwahi kuila nyama ile, hata kipande. Dagaa zake zilitoka maduka ya Mayfair, mjini, na aliyezileta alikuwa mama kila alipokwenda kununua nywele za bandia za saluni yake. Na kuku wake mmoja, aliyemnunua ili amchinje Krismasi, alizeeka mle ndani kama mpangaji. Krismasi tatu zilimpita. Nilipomuuliza kwa nini hamchinji, akasema kuku huyo anamjua kwa sauti, na si adabu kumchinja mtu anayekujua kwa sauti.

"Na swala je?"

"Swala hatujatambulishana."

Bunduki haikuwa yake wala haikulala kwake. Ilikaa kwenye kabati la chuma huko hifadhini, na ufunguo alikuwa nao afisa, kijana mmoja mwenye redio begani na wasiwasi usoni. Cha Mlengaji kilikuwa ni kofia mbili tu, ya kijani na ya kahawia, na kofia hizo ndizo zilizokuwa tangazo letu. Tarehe huku haziaminiki. Upepo ukivuma vibaya au mtu akichoma majani, afisa anaahirisha, tena anaahirisha, mpaka hujui Jumamosi hii ni ya nini. Kwa hiyo watu waliiangalia kofia inapopita barabarani alfajiri. Kijani: leo ni hesabu, hakuna bunduki, njoo hata na mtoto. Kahawia: leo ni risasi, kaa nyumbani, washa mkaa.

Alikuwa na sheria nyingine mbili, na hizi hazikuwa na mlango wa nyuma.

Ya kwanza: hapigi mpaka mnyama atajwe. Kando yake alisimama mwonaji mwenye darubini, naye alitaja mambo matatu kwa sauti. Ni nini? Yuko na nani? Nyuma yake kuna nini? Mlengaji aliyarudia yote matatu, neno kwa neno, ndipo anasukuma kile kidude cha kuzuia risasi, kinalia tik, na ndipo kidole kinaingia. Mwonaji akikosea neno, wanaanza upya. Swala akikimbia wakati wanatajana, basi, amebarikiwa.

Ya pili: ini ni la aliyeona, si la aliyepiga. "Kupiga ni kidole," alisema. "Kila mtu ana kidole. Mlipeni jicho."

Jicho lenyewe lilikuwa mama yangu. Mama ni msusi. Anaona nywele nyeupe moja kwenye kichwa cha mtu aliye ng'ambo ya barabara, na anamwambia. Kwa hiyo kila baridi, wenzetu walipokula mapaja na mbavu, sisi tulikula ini. Nilimlalamikia sana. Nilimwambia mama aone vibaya kidogo, labda tutapata paja.

Mzaha huo niliuacha mwaka 2017, nikiwa darasa la kumi, kwa sababu nilianza kuogopa.

Ilianza kwenye roboti, ndivyo huku tunavyoziita taa za kuongozea magari, kule barabara kubwa. Tulikuwa tumesimama tuvuke, taa iko mbele yetu kubwa kama sahani, naye akaniuliza kwa sauti ya mtu anayenipima akili, "Roboti inasemaje, bwana mdogo?"

"Inasema nenda kwa daktari."

Akanichapa kwa gazeti, tukacheka. Lakini hakuvuka mpaka nilipovuka mimi.

Kisha nikaanza kumwangalia. Alimimina chai akifuata sauti ya kikombe. Alikuwa akinipa magazeti "nijifunze kusoma kwa sauti", mimi ninayesoma tangu nikiwa na meno ya utoto. Jioni moja alipita kwenye spaza, kile kiduka cha jirani, akasimama, akavua kofia, akasema, "Habari za jioni, mama." Alikuwa analisalimia koti kwenye kamba ya nguo. Shuleni nilimwigiza, nikalisalimia koti la mwalimu, darasa likaanguka kwa kicheko. Mimi sikucheka ndani. Nilikuwa nafikiria kazi ya mwonaji baada ya risasi. Mwonaji ndiye anayetangulia kwenda kumkagua mnyama aliyeanguka. Anatembea peke yake kwenye majani marefu, na bunduki iko nyuma yake.

Nikamwambia mama saluni, akiwa katikati ya kichwa cha mteja.

"Mama, mzee haoni."

"Nani kakwambia?"

"Juzi amelisalimia koti."

"Koti la nani?"

"La mama wa spaza. Lilikuwa kwenye kamba."

"Basi ana adabu kukushinda wewe unayewapita watu wazima kama nguzo."

Mteja akacheka mpaka kichwa kikatikisika, mama akakirudisha mahali pake.

"Mama, siku moja atakupiga wewe."

Vidole vyake vikasimama. Hakuniangalia. "Funga domo," akasema polepole. "Unajua wakisikia hayo ofisini kitatokea nini?"

Nilijua. Sote tulijua. Kulikuwa na kampuni iliyokuwa ikiunyemelea mpango wetu, yenye helikopta na watu wa kufyatua kutoka juu, na nyama yao ingekwenda kwenye mahoteli. Kosa moja dogo lilitosha. Na mzee je? Angeambiwa asante, akae nyumbani na kuku wake.

"Yule ukimnyang'anya Jumamosi zake, umemzika," mama akasema, akaendelea kusuka.

Usingizi ukaniruka. Nilimwona mama amelala kwenye majani, nikamwona mzee anarudia neno kwa neno habari za kifo chake. Ndipo akili yangu, ambayo walimu wote wamekubaliana ni fupi, ikapata mpango. Siku ya hesabu, siku isiyo na bunduki, nitavaa pembe. Mzee akinihesabu mimi kama swala, mbele ya watu wote, basi imethibitika, na tena kwa kicheko, hakuna atakayelaumiwa. Atacheka hata yeye. Ataacha mwenyewe.

Nikangoja kofia. Jumamosi moja alfajiri nilikuwa juu ya bati letu, nikamwona anapita. Kofia ya kijani. Nilishuka nikiwa tayari nacheka.

Sasa turudi kwenye majani.

Asubuhi ya baridi sauti husafiri kama kwenye bomba. Nilimsikia mama kana kwamba yuko kando yangu.

"Dume," akasema.

"Dume," akarudia Mlengaji.

"Peke yake."

"Peke yake."

"Nyuma yake kilima."

"Nyuma yake kilima."

Tik.

Nilitaka kupiga kelele. Mimi, ninayepiga kelele msikitini, kanisani na kwenye mtihani wa hesabu, sikuwa na sauti. Nilichoweza kufanya ni kurudi nyuma kidogo kwa mguu mmoja, kama ng'ombe anayekataa kupanda gari, na blanketi likavutika.

"Amevaa raba," akasema mama. Sauti yake haikubadilika hata kidogo. Ilikuwa sauti ileile ya kutaja.

Na Mlengaji, aliyezoea kurudia neno kwa neno, akarudia. Taratibu, kwa heshima zote za kazi yake:

"Amevaa raba."

Nilisikia ndege mmoja. Mtutu ukashuka inchi kwa inchi mpaka ukagusa ardhi, na mama akaketi chini, hapo hapo alipokuwa, kama mzigo uliokatiwa kamba.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu anayeona hawezi kurudia maneno yale. Angecheka, angetukana, angetupa bunduki. Yeye aliyarudia kwa sababu kwake raba zilikuwa habari tu, kama kilima kilivyokuwa habari tu. Sijui alikuwa akiyatumia macho ya mama kwa muda gani. Baridi ile, au na ile ya kabla yake.

Afisa akaja mbio kutoka kwenye pikapu, redio inamgonga mbavu. "Kuna nini? Mbona hamjapiga?" Kisha akaniona nimesimama, pembe zimelalia sikio moja, tai ya shule inaning'inia. Uso wake ukawa mweupe kuliko majani.

"Mzee amemwona mtoto," mama akasema kutoka chini. "Mzee ndiye aliyemwona. Akashusha."

Mlengaji akageuza kichwa upande wa sauti yake. Nilidhani atasema kweli, maana hakuwa mtu wa kukubali sifa isiyo yake. Akavua kofia, akaisogeza mpaka karibu iguse pua, akaiangalia kwa muda. Akaigeuza ndani nje, akaiangalia tena. Nadhani ndipo alipojua ilikuwa ya kijani.

"Vidole vimekufa ganzi," akamwambia afisa, akamkabidhi bunduki. "Baridi hii si ya wazee. Tafuteni mwingine."

Akatembea kuelekea getini peke yake, mkono mmoja umeshika uzio njia nzima.

Mama hakunipiga. Hilo ndilo lililonitisha. Alilifua blanketi, akalianika, akapika, akanipakulia, na siku zote zilizofuata alizungumza nami habari za chumvi na mlango na taa. Kila gari la hifadhi lilipopita nilijua limenifuata mimi, au limemfuata yeye kwa uongo wake. Halikusimama. Afisa naye nadhani aliogopa kuulizwa uzio ulikuwa na tundu la nini.

Mlengaji alihamia Randburg kwa binti yake, ghorofani, na kuku akaenda naye. Mama alikwenda kufunzwa, akafanya mtihani wa bunduki, akafaulu, na baridi iliyofuata akasimama yeye alipokuwa akisimama mzee, kofia mbili zikiwa zake. Hazifanani na zile hata kidogo. Moja ni nyeupe. Mwonaji sasa ni fundi cherehani mmoja Mkongo mwenye mdomo mrefu lakini macho mazuri. Mnyama wa kwanza alipoanguka, fundi akakubali ini lile lisiwe lake. Mama akalifunga kwenye chombo cha plastiki, akanipa nauli.

"Mpelekee mzee. Mwambie ini ni la aliyeona. Atajua."

Nilimkuta kwenye baraza ya ghorofa ya pili, amekaa kwenye kiti cha plastiki, kuku chini ya kiti. Nilipokanyaga tu mlangoni akasema, "Umerefuka. Na una chunusi mbili kwenye paji."

Nikasimama. "Shikamoo, Babu. Unaona?"

"Marahaba. Wamenitoa utando hospitalini, macho yote mawili. Naona kila kitu. Naona mikunjo yangu. Naona binti yangu hafagii chini ya kochi. Nilikuwa naishi kwa amani, bwana."

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikampa chombo, nikamfikishia maneno ya mama kama nilivyotumwa. Akakifungua, akaliangalia ini, akakifunga tena, akanirudishia mikononi.

"Rudisha."

"Babu, mama amesema wewe ndiye uliyeona."

"Mama yako amesema hivyo mara mbili sasa. Mara ya kwanza nilinyamaza." Akaegemea mbele. "Hebu simama pale kwenye vyuma. Weka pembe."

"Pembe gani?"

"Vidole, we mtoto. Kichwani."

Nikaweka vidole viwili viwili kichwani, pale barazani, watu wanapita chini na mifuko ya maduka. Akaniangalia kwa macho yake mapya, muda mrefu, kuanzia vidole mpaka viatu, tena mpaka vidole.

"Hufanani hata kidogo," akasema.

Nikashusha vidole.

"Siku ile niliona swala," akasema. "Dume zuri, limesimama vizuri, kichwa juu. Niliona mpaka masikio. Hakuna mtu aliyeniambia ana masikio, niliyaona mwenyewe. Na kidole kilikuwa kimeshaanza. Unanisikia? Kimeshaanza. Neno la mama yako lilikikuta njiani."

"Lakini sasa unaona. Si urudi?"

"Jicho limerudi," akasema. "Kidole ndicho kimekataa." Akamwokota kuku, akamweka mapajani. "Nenda. Mwambie sikuona. Mwambie aache kunipa kitu cha wenyewe."

Nilirudi na ini mapajani, moyo mzito, nikijiuliza nitaanzaje. Mama alikuwa jikoni. Nikaweka chombo mezani, nikamweleza yote, masikio, kidole, njiani. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo. Nilidhani atalia, au sasa ndiyo ile fimbo niliyoingoja mwaka mzima. Akageuka, akachukua kisu, akanipa kitunguu, akasema hivi, siongezi wala sipunguzi:

"Hata mimi niliona swala. Zile raba nilikukataza kuzivaa nje ya shule, mshukuru Mungu kwamba husikii. Katakata."